Sumaku ya Kimya na Shuka la Mzee Wato

Jumamosi, 4 Oktoba

Aibu! Aibu ya mwaka! Nimerudi kutoka nyumbani kwa kina Tiya na sitaki kuonana na kiumbe yeyote.

Nilialikwa chai. Si chai ya kunywa, chai ya kutazamwa. Babake Tiya, Mzee Wato, amekuwa dalali wa ngamia tangu kabla sijazaliwa, na anayemtaka binti yake lazima kwanza akae mbele yake apimwe kwa macho. Nilijiandaa. Kanzu mpya. Manukato. Hadithi tatu za kuonyesha busara. Ila nikasahau kuitoa kalamu mfukoni. Ile ya kubonyeza.

Vidole vyangu havitulii. Ndivyo nilivyoumbwa. Nauza magodoro hapa mtaa wa Wabera, na godoro si mkate, halinunuliwi kila asubuhi. Kwa hiyo kutwa nzima niko na kalamu: tik, tik, tik. Mimi siisikii tena. Wenzangu wanaisikia.

Mzee alikuwa anasimulia jinsi ngamia dume alivyomvunja mbavu. Amefika mahali pa huzuni kabisa, pale alipolala peke yake porini akisubiri asubuhi, na mimi: tik. Akakata hadithi. Akauliza kama kuna mbuzi anayevunjika magoti humu chumbani. Nikasema sijasikia kitu. Tik!

Baadaye Tiya alinipigia simu. Babake ametoa hukumu. Mikono ya kijana huyu, amesema, inaongea kabla ya mwenyewe, na yeye hawezi kumpa binti mtu ambaye mikono yake haijui kuficha siri. Nimepewa nafasi moja tu. Alhamisi nirudi, nikae naye kuanzia chai mpaka buna, ile kahawa ya kukaangwa kwa samli, mikono imetulia tuli. Nikifaulu, wazee wangu wanaruhusiwa kuja kuposa. Nikishindwa, basi.

Basi! Neno dogo namna hiyo, na maisha yangu yote yamo ndani.

Tiya anasema nishike kikombe kwa mikono miwili, itatosha. Wanawake wanarahisisha mambo. Mimi nina mpango.

Jumapili, 5 Oktoba

Mpango wenyewe: vidole visizuiwe, vipewe kazi nyingine ya siri. Nimesoma kwenye simu kwamba watu wenye shida yangu wapo duniani kote, na wametengenezewa vichezeo vya sumaku. Vyuma vidogo vya kushika kiganjani. Unavisukuma kwa kidole gumba, vinavutana, vinaachana, na roho inapoa. Nilikaribia kulia. Kumbe sisi ni wengi!

Nikaenda kwa rafiki yangu Ekeno, anayeuza vifuniko vya simu karibu na steji. Ekeno anaweza kukupatia kitu chochote, mradi usimuulize kitafika lini. Leo alikuwa nacho tayari: vyuma viwili bapa, kimoja kinateleza juu ya kingine. Nikamuuliza kama kina kelele. Akaapa: "Jirma, hii iko kimya kama kaburi, wallahi." Ekeno ni Mkristo wa kuimba kwaya. Akisema wallahi ujue anauza.

Nikakijaribu palepale. Kweli, kimya! Magari yanapiga honi, makanga wanaita abiria wa Marsabit, bodaboda wananguruma, na kichezeo changu hakisikiki hata kidogo. Nikanunua bila kusita.

Nikafika nyumbani, nikakaa chumbani, nikasukuma. TAK! Kama kufunga mlango wa lori. Dada yangu Khadra, ambaye nakaa kwake, aliuliza kutoka jikoni ni nani amepasua sahani.

Funzo: usinunue kitu cha kimya mahali penye kelele. Naliandika hapa nisilisahau.

Jumatatu, 6 Oktoba

Nilirudi kwa Ekeno kulalamika. Akasema ile kelele ndiyo dalili ya ubora. Nilipomkazia macho, akatoa kitu kingine: gololi za sumaku, ndogondogo kama punje za mtama. Tukazijaribu nyuma ya kibanda chake, ambako pia kuna kelele. Sikulikumbuka lile funzo. Lakini safari hii bahati ilikuwa upande wangu. Kimya kabisa!

Raha niliyoipata siwezi kuieleza. Unazivuta zinakuwa mnyororo. Unazikunja zinakuwa pete. Unazibonyeza zinakuwa donge. Asubuhi yote sikuuza godoro hata moja na sikutambua.

Kisha Khadra akaziona. Ana mtoto anayetambaa, na mtoto huyo huonja dunia yote kwa mdomo. Khadra alipitisha kifuniko cha sufuria juu ya kitanda changu, gololi zote zikarukia kwenye kifuniko, akaenda nazo moja kwa moja chooni. Alisema mtoto akimeza mbili tu zitavutana tumboni, na hapo ni hospitali na kisu. Nikafungua mdomo nibishane. Mtoto akanishika sikio, akacheka. Nikaufunga mdomo. Khadra alikuwa na haki, nikamwambia hivyo, ila kwa sauti ndogo, asije akazoea.

Jumanne, 7 Oktoba

Pete! Pete tatu za sumaku, unazivaa vidoleni, zinazungushana zenyewe. Ekeno anasema hizi ni za watu wenye heshima zao. Nilizijaribu dukani, juu ya godoro, mlango umefungwa. Kimya. Nikaona nimefika.

Nikavuka barabara kwenda kujionyesha kwa Abdullahi.

Abdullahi anauza mabati na misumari mkabala na duka langu. Ni jirani yangu na adui yangu. Mwezi uliopita ameonekana mara nyingi kwenye duka la dawa anakofanya kazi Tiya, akinunua dawa ya kichwa ilhali kichwa chake ni kizima kabisa. Na ana mikono inayoniudhi. Anailaza juu ya kaunta kama mikate miwili, na inakaa hapohapo mpaka aihitaji. Mzee Wato angependa sana mikono ile.

Nikaegemea kaunta yake, mkono umelala kwenye sanduku la misumari bila mimi kuangalia, nikazungumza naye kuhusu ukame kwa utulivu mkubwa. Nikaaga. Nikaondoka kwa hatua za mtu mwenye mali. Katikati ya barabara nikasikia, "Salaam aleikum, jirani, na hiyo misumari yangu wapeleka wapi?" Nikatazama. Mkono umeota ndevu! Misumari imening'inia kila upande, na watu wote wa mtaa wanatazama.

Nilipokuwa naivua, pete moja ikamgeuzia mwenzake mgongo, ikaruka, ikaingia ndani kabisa ya sanduku la misumari. Tuliitafuta hadi adhuhuri, hatukuiona. Abdullahi aliacha wateja wake akapiga magoti pamoja nami, akachomwa kidole, hakulalamika. Akanipa na chai. Hakuna kitu kibaya kama adui kukusaidia. Inabidi umchukie upya kuanzia mwanzo.

Jumatano, 8 Oktoba

NIMEPATA!

Nilikuwa nimejilaza juu ya godoro la maonyesho nikiomboleza, kesho ni Alhamisi, sina kitu. Nikabonyeza godoro. Likabonyea. Likarudi. Halikusema neno. Nikaketi ghafla. Kelele ya kile kichezeo cha kwanza ni chuma kugonga chuma. Na katika mji huu wote wa Isiolo, nani ana kitu laini kuliko mimi?

Nikakata kipande chembamba cha sponji, kwenye kona ya chini ya godoro, mahali ambapo hakuna binadamu anayeangalia. Nikachukua ngozi laini ya kiatu cha zamani. Gundi, vyote kati ya vile vyuma viwili. Subira, ambayo nilikuwa nayo kidogo. Kisha nikasukuma kwa kidole gumba.

Mpf.

Hicho ndicho kilichosikika. Na mimi mwenyewe tu ndiye niliyekisikia. Unasukuma, kinakataa kidogo, kinafikiri, halafu kinavutwa na kujifunga chenyewe, kama kifuniko cha kibuyu cha maziwa kinapokaa sawasawa. Ah! Mtu aliyegundua sumaku apumzike mahali pema.

Nikakijaribu kando ya paka aliyelala. Hakuamka. Nikakijaribu kando ya Khadra akichambua mchele. Akaniuliza kama naumwa, mbona leo niko kimya. Ushindi!

Alasiri akaja mwalimu Kinoti kutoka upande wa Meru, akanunua godoro, akaondoka nalo kwenye boda. Akarudi nalo kabla ya maghrib. Akanionyesha kona ya chini. Kumbe kuna binadamu anayeangalia. Aliuliza kwa Kiswahili safi cha mwalimu kama panya huuzwa pamoja na godoro ama mteja huja na wake. Nikambadilishia. Hainiumi. Kila jambo kubwa lina gharama yake.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimefaulu!

Nilikaa kwenye mkeka, mkono wa kulia juu ya goti, wazi, kila mtu auone. Wa kushoto ndani ya mfuko wa kanzu, na kichezeo ndani ya kiganja. Mzee Wato akaanza hadithi ileile ya mbavu. Kwa makusudi! Akafika palepale pa huzuni, akanyamaza, akategea sikio. Kimya. Nzi aliruka, tukamsikia. Mpf, nikafanya moyoni na mfukoni, na Mzee hakusikia kitu. Akaendelea mpaka mwisho. Kumbe ni hadithi nzuri. Ngamia yuleyule aliyemvunja mbavu ndiye aliyelala kando yake kumkinga baridi mpaka watu wakaja. Jumamosi ile sikufika hapo kwa sababu ya tik.

Ikaja buna. Buni zilipasuka ndani ya samli ya moto kwa kelele kuliko mimi. Mzee akaomba dua, tukaitikia. Kisha akaushika mkono wangu wa kulia, akaugeuza, akaukagua kama mtu anayekagua jino la ngamia. Mikono yake mwenyewe imekakamaa siku hizi, vidole havikunjuki vizuri, na Tiya aliwahi kuniambia ndicho kilichomtoa sokoni. Mzee anachukia kuzungumziwa jambo hilo.

Halafu akasema neno ambalo sikulitarajia. Anataka kununua ngamia wa maziwa Jumamosi. Vidole vyake haviwezi tena kuongea chini ya shuka. Ananiazima shuka lake.

Shuka lake! Huku kwetu bei ya ngamia haitamkwi mbele za watu. Mnunuzi na muuzaji wanashikana mikono, shuka linafunika, na vidole ndivyo vinavyozungumza. Ukibana kidole cha mwenzako, umepandisha. Ukikikwaruza, umeshusha. Ukiufunga mkono wako wote juu ya mkono wake, umekubali, na kukubali chini ya shuka hakurudishwi. Watu wanazunguka wanaona nyuso tu. Mzee Wato alikuwa bingwa wa mambo hayo, na shuka lake la bluu halijawahi kushikwa na mtu mwingine. Maagizo yake mafupi: nibane kidogo, nikwaruze sana, na nisifunge mkono mpaka yeye akohoe.

Tiya alinisindikiza hadi langoni. Akaniambia kwamba Jumamosi niache nyumbani kile kilichomo kwenye mfuko wa kushoto. Alijua! Anasema kanzu yangu ilikuwa inapumua upande mmoja. Nikacheka, akacheka. Akasema siku ya kwanza aliniona nikipiga ngoma kwa vidole kwenye kaunta ya duka la dawa, akadhani nina homa ya malaria, na tangu siku hiyo akisikia mtu yeyote anagongagonga meza huwa anainua kichwa. Nilirudi nyumbani kwa miguu na sikuiona barabara.

Ijumaa, 10 Oktoba

Baada ya swala nilienda kufanya mazoezi na Ekeno. Tulijifunika mikono kwa shuka la kitanda pale kibandani kwake, nikawa nanunua kwake ngamia asiyekuwepo. Kubana, kukwaruza, kufunga. Wateja walipita wakituangalia. Mama mmoja alinunua chaja bila kumtazama Ekeno usoni. Ekeno anasema ameharibiwa jina na nimlipie soda.

Abdullahi amesikia habari ya shuka. Hakuna siri Wabera. Alivuka barabara kunipongeza, akaniombea dua, akasema yule Mzee hajawahi kumheshimu kijana namna hiyo. Kisha akanishauri mikono yote miwili iwe mitupu siku ya soko, maana mikono ni ndugu. Aha! Ndiyo hila yake. Anataka niende bila silaha.

Nimefikiri sana. Tiya amesema nikiache. Abdullahi amesema nikiache. Lakini ni nani aliyenivusha Alhamisi? Mtu haitupi fimbo iliyomvusha mto eti kwa sababu ameona ng'ambo. Nitakitia mfuko wa kushoto. Mkono wa kulia ndio unaofanya biashara. Wa kushoto una uhusiano gani na ngamia?

Jumamosi, 11 Oktoba

Una uhusiano.

Nitaandika haraka kabla sijazimia.

Soko lilijaa. Vumbi, ngamia wanalalamika, watu wanamsalimia Mzee Wato kila hatua. Mzee akatembea kati ya wanyama, akasimama mbele ya jike mmoja mwenye shingo nyembamba, mali ya mtu mmoja anayeitwa Dullo kutoka upande wa Gotu. Akanitupia shuka begani mbele ya umma wote. Nikamshika Dullo mkono, shuka likafunika, watu wakazunguka. Abdullahi alikuwepo. Hata Ekeno alikuwa amefunga kibanda.

Nilianza vizuri. Dullo akataja bei yake kwa vidole. Nikakwaruza. Akashusha kidogo. Nikakwaruza tena. Mzee akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Lakini macho yalikuwa mengi, na nikahisi vidole vinaanza. Nikajiambia, kushoto, kushoto. Mkono wa kushoto ukaingia mfukoni. Nikasukuma. Mpf. Roho ikapoa.

Dullo akashtuka kidogo.

Nikasukuma tena. Dullo akapanua macho. Nikajisemea, anaona utulivu wangu, anaogopa! Nikasukuma, nikasukuma. Mpf, mpf. Dullo akaanza kutabasamu. Kisha machozi yakamlengalenga. Akatazama mbinguni. Mimi nikazidi kutulia, maana raha ya kichezeo kile ikishaingia hutoki upesi.

Ndugu yangu shajara! Kila mkono wa kushoto uliposukuma, mkono wa kulia ulibana. Mikono yangu imezoea kufanya kila kitu pamoja kama mapacha. Nilikuwa napandisha bei mwenyewe! Mwenye mali amenyamaza, na mnunuzi anapandisha, anapandisha! Na kwa sababu hakukuwa na sauti yoyote, hakuna aliyejua, hakuna aliyenizuia. Kalamu ingelia tik, Mzee angenipiga kofi, ngamia angepona. Waliosema kimya kingi kina mshindo mkubwa walinijua.

Halafu kile chuma kikafanya kazi yake nzuri kuliko zote. Kikajifunga chenyewe. Na mkono wangu wa kulia ukajifunga pamoja nacho, wote, juu ya mkono wa Dullo.

Mzee hakuwa amekohoa.

Dullo akalitupa shuka pembeni, akanikumbatia, akatangaza kwa sauti, "Huyu kijana ni mtu ya Mungu!" Akaniombea watoto na mvua. Mzee Wato akanisogelea nimwambie bei sikioni. Nikamwambia. Bei hiyo siiandiki, hata hapa. Mzee alifumba macho akakaa hivyo muda mrefu, mpaka Ekeno akaenda kumtafutia maji. Lakini mkono ulikuwa umefungwa, na Mzee Wato hajawahi kurudi nyuma kwa neno la chini ya shuka. Akalipa. Ngamia mwenyewe akanitemea mate.

Tulirudi kwa miguu, Mzee mbele, mimi nyuma, ngamia kati akiguna. Langoni akageuka, akachukua shuka lake, akanyoosha mkono, akaonyesha mfuko wa kushoto. Nikampa. Akakiangalia kile chuma chenye ngozi ya kiatu, akakitia mfukoni mwake, akafunga lango.

Jumapili, 12 Oktoba

Sikula. Khadra alileta uji, akaketi nami, hakunisuta. Khadra akikosa kunisuta mambo ni mabaya.

Tiya hapokei simu. Nilituma ujumbe wa kuomba msamaha. Nikatuma mwingine wa kuomba msamaha kwa urefu wa ule wa kwanza.

Nampenda. Naandika wazi kwa sababu hapa hakuna wa kunicheka. Si kwamba nataka kuoa tu, wake wapo. Nataka kuwa mtu ambaye Tiya anamfungulia lango huku anacheka. Nimekuwa mtu huyo kwa siku moja, na sasa ninajua ilivyo, na hiyo ndiyo shida.

Mchana Abdullahi alikuja, akaketi juu ya godoro. Nikasubiri anicheke. Akaniambia anaenda kwa kina Tiya kumwona Mzee, kama nina ujumbe wowote. Kumbe dawa ya kichwa ni ya mama yake, na duka lile liko njiani. Mwezi mzima nimemchukia bure! Nikamwambia ampelekee Mzee salamu na majani ya kumlisha ngamia. Alisema atapeleka majani kwa pesa yake, maana yangu anaihurumia.

Mikono yangu leo imetulia tuli. Haina hamu ya kitu. Kumbe dawa ilikuwa huzuni.

Jumatatu, 13 Oktoba

Tiya amepiga! Niende upesi.

Nilikimbia na ndara za Khadra. Nikamkuta Mzee Wato ameketi kwenye kigoda zizini, kando ya ngamia mwenye shingo nyembamba. Mkono mmoja uko mfukoni. Kanzu inapumua.

Tiya alinivuta kando. Baba yake, alisema, amekaa pale tangu Jumamosi jioni. Anakula palepale. Hajamgombeza mtu. Tangu aache soko amekuwa mkali kama pilipili, na sasa ameulizia habari ya jirani na kucheka kwa simu. Na vidole, ambavyo alikataa kabisa kuvinyoosha daktari alipomwagiza, vinafanya kazi asubuhi hadi jioni, vinasukuma na kurudisha. Jana alifunga kifungo cha shati mwenyewe. Mama yake Tiya alitoka nje akalia.

Nikaenda, nikachutama mbele ya Mzee. Nikaanza kuomba radhi. Akaniambia ninyamaze kwanza. Maneno yake nayaandika kama alivyoyasema, yasije yakapotea. Alisema yeye ameishi maisha yake yote akiwaficha watu mawazo yake kwa mikono hii, na mkewe aliolewa na mtu ambaye hakuna aliyejua anawaza nini, na si jambo zuri kwa mke. Alisema Jumamosi alidhani anatafuta mkwe anayejua kuficha. Lakini mimi nimesimama mbele ya soko zima nikiwa nataka kuficha, nimejitahidi sana kuficha, na mikono yangu bado imemwambia mwenye ngamia kila kitu. "Tiya hatapata taabu," akasema. "Mtu akitaka kujua moyo yako, ataangalia vidole tu."

Wazee wangu walete buna Ijumaa, waje kuposa.

Nililia. Ngamia akanitemea mate tena, safari hii sikujali. Nikauliza kwa adabu kuhusu kichezeo changu. Mzee akajifanya hasikii. Akasukuma. TAK! Sponji imeshalika, na hakuna mtu katika boma lile anayethubutu kusema lolote.

Nilipotoka, Tiya alinishika mikono yote miwili, akaikaza kidogo ndani ya yake, hadharani, langoni. Akaniomba kitu kimoja tu. Ijumaa wazee wazungumze, mimi nikae nyumbani, na nisiwe na mpango. Nikamwahidi.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimetafakari mambo haya kwa kichwa kilichotulia na nimeona ukweli. Tiya anadhani ni bahati. Khadra anadhani ni huruma ya Mungu, na amesema sikio la kufa halisikii dawa, sijui alikuwa anamsema nani. Lakini tujiulize. Ni nini kilichompoza Mzee Wato? Kichezeo. Nani aliyekichagua? Mimi. Nani aliyekitia sponji? Mimi! Mpango wangu ulifaulu tangu mwanzo, ila ulipitia kwa ngamia.

Sasa wazee wangu ni watu wazuri, lakini katika kujadili mahari ni waoga. Dullo aliniheshimu kwa vidole vyangu mpaka akalia. Kwa hiyo nimewaambia Ijumaa wastarehe, wanywe buna, mahari nitaijadili mwenyewe na Mzee chini ya shuka.

Kosa la Jumamosi nimeshaligundua. Mkono mmoja ulikuwa na kazi na mwingine hauna, ndiyo maana ukaingilia. Ekeno amenipatia viwili, kimoja cha kila mkono. Ameapa kwamba ni kimya kabisa, wallahi. Tulivijaribu pale steji, na kweli, sikusikia kitu.